Kofia Iliyoungua Kushoto

Kitendawili! Wewe uliyekaa karibu na mlango, nakutegea wewe: punda wangu hali majani, hunywa tu, usipomvika kofia ya bati, mvua ikimpata kichwani hufa amesimama. Ni nani huyo? Ng'ombe? Ng'ombe gani anavaa kofia! Umeshindwa, nipe mji. Morogoro usinipe, huo ninao tayari. Kilosa? Haya, nimekwenda Kilosa kwa reli, nimekula miwa, nimerudi, na jibu ni motokari. Hiyo kofia ndiyo mnayoiita siku hizi boneti, bati la kufunika mashine. Enzi ya Mjerumani watu wa Morogoro waliita kofia tu, na mwaka huo mji mzima ulikuwa na motokari mbili, basi kofia mbili: moja nyekundu, moja ya kijivu. Kwa ajili ya ile nyekundu, kijana mmoja alikuwa anangoja kitanzi.

Kijana huyo ni Lukasi, dereva wa Mgiriki Stavro mwenye motokari nyekundu. Alhamisi alasiri, kwenye kivuko cha mto Mzinga, motokari ilimgonga Bi Chausiku, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mji. Mama mmoja muuza mboga alikuwa juu mlimani, akaona pua nyekundu ikipita. Ijumaa askari wakamkamata Lukasi. Jumatatu saa mbili asubuhi Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, angekaa barazani kuhukumu, na seremala wa boma alikwisha kuambiwa atafute mbao.

Jumamosi asubuhi Ombasha Mosi alifungua mlango wa mahabusu. Alikuwa askari polisi, mfupi, mwenye masikio makubwa. Watu wa mji walisema masikio yale aliyapata kwa kusikiliza milangoni mwa wenzake.

"Umekuja kunipima shingo?" Lukasi aliuliza, hakuinuka.

"Nimekuja kuuliza."

"Mmeshauliza kwa kiboko. Jibu ni lilelile."

"Lirudie, mimi sikuwepo."

Lukasi alitema mate sakafuni, karibu sana na kiatu cha Ombasha. "Jumatatu niliipeleka gari kwa fundi Mwinjuma, springi imekatika. Nikarudi kulala, nina homa. Homa haikunitoka mpaka Ijumaa. Ijumaa nimeamka, gari nimeikuta uani kwa bwana wangu, imesimama. Sikuileta mimi."

"Mwinjuma anasema ulikwenda kuichukua Jumatano."

"Mwinjuma mwongo."

"Nani alikuona umelala?"

"Kunguni."

"Bwana wako?"

"Yuko Dar es Salaam tangu mwezi uliopita. Andika kunguni, Ombasha. Waite watoe ushahidi."

Mosi hakuandika. Alichutama mlangoni. Maiti ya Bi Chausiku aliiona kwa macho yake Alhamisi ile. Haikuwa imetupwa. Ilikuwa imelazwa kwenye majani, ubavu wa kulia, uso umeelekezwa kibla barabara kabisa. Alipomweleza Bwana Shauri, alijibiwa kwamba wapita njia hufanya hayo, na kwamba ombasha kazi yake ni kushika watu, kufikiri wameletwa wengine kwa meli.

"Lukasi, kibla kiko wapi?"

"Nini?"

"Waislamu wakisali wanaelekea wapi?"

Lukasi alimtazama kama mtu anayetaniwa msibani. "Wanaelekea msikitini. Wataelekea wapi tena?"

Mosi aliinuka, akafunga mlango. Bwana Shauri alikuwa amempa mpaka Jumapili alasiri kumaliza maswali yake.

Uani kwa Mgiriki watu walikuwa wamejaa ukutani kama kunguru. Wanawake wengi miongoni mwao walizalishwa na Bi Chausiku, na wengine walizalishwa naye na kupokewa naye vilevile. Hawakuja kuangalia. Walikuja kuzomea.

"Ombasha, ukipata chawa humo tuletee!"

"Lifungeni mnyororo hilo gari, si ndilo lililoua!"

"Anatafuta wapi pa kumfichia yule Lukasi!"

Mosi alifungua vishikizo, akainua ile kofia nyekundu, akaiegemeza ukutani iangalie jua. Akarudi kwenye mashine. Bomba la moshi la motokari ile lilipita upande wa kulia. Basi kofia nayo, ndani, upande wa kulia, ilikuwa nyeusi kwa masizi ya miaka, tena masizi makavu yaliyogandamana. Hilo halikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kushoto. Kushoto rangi ilikuwa imevimba na kupasuka, doa la ukubwa wa kiganja, na mpasuko wenyewe ulikuwa mpya, haujakusanya hata vumbi.

"Moto wako uko kulia," Mosi aliiambia kofia. "Nani amekuchoma kushoto?"

"Haya, sasa anasema na bati!" mtu alipiga kelele ukutani, na kicheko kikazunguka ua mzima.

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini. Palikuwa na matundu matatu kila upande ya kuingizia kulabu, marefu, yamelika kwa kazi. Lakini kati ya yale marefu kidole chake kilipita juu ya kitu laini. Akakwaruza kwa msumari. Ikatoka nta ya nyuki iliyochanganywa na ngeu, ule udongo mwekundu wa mafundi wa kuchorea mistari. Chini ya nta palikuwa na tundu jingine, dogo, la duara. Matatu kushoto, matatu kulia. Kingo za matundu yale ziling'aa kama jino. Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri, na chuma kitupu Morogoro hakimalizi siku ya mvua bila kutu. Basi matundu yale yalitobolewa na kuzibwa kabla ya Ijumaa.

Mosi akatoa uzi mfukoni, akaulaza ukingoni, akafunga fundo kwenye kila tundu la duara. Mafundo matatu.

Alipoinua kichwa, mwanamke alikuwa amesimama mbele yake amejifunga kaniki ya msiba. Alikuwa Asia, binti wa Bi Chausiku. Watu ukutani walinyamaza.

"Sikuamkii, Ombasha," alisema Asia. "Salamu zangu nimeziweka kwa watu."

"Pole kwa msiba, dada."

"Pole yako kaa nayo. Nijibu kitu kimoja. Wanaokuja matangani wananiambia mama alikufa papo hapo, hakusikia kitu. Wananiambia hivyo wakiangalia chini. Wewe uliuona mwili. Alikufa papo hapo?"

"Sijui."

"Unajua nini sasa?"

"Najua aliyemlaza kibla ni Mwislamu. Na Lukasi hajui kibla ni kitu gani."

Asia aliutazama ule uzi wenye mafundo. "Kama si Lukasi, basi yupo mtu aliyemshika mama kwa mikono yake. Nitafutie huyo. Sitaki kitanzi chake, kitanzi ni chenu. Nataka kumwuliza hilo moja tu."

Akageuka akaondoka, na kelele ukutani zikaanza upya pale zilipokatikia.

Mama Regina, yule muuza mboga, alikuwa amepanga kabichi na njegere zake sokoni. Alikuwa Mluguru wa juu kabisa, mtu wa misheni, msalaba shingoni na mdomo usiokopeshwa.

"Habari za mlimani, mama?"

"Habari zimo kwenye tenga. Nunua au uondoke, unanifukuzia watu. Wakiona kofia yako wanadhani kabichi zangu za wizi."

Mosi alichagua kabichi moja, akalipa, akaishika kwapani kama mtoto. "Alhamisi uliona nini?"

"Nimeshasema bomani. Pua nyekundu."

"Na tako?"

"Tako la nani, mwanaharamu wewe?"

"La gari, mama."

Mama Regina alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka kidogo kwa pembe ya mdomo. "Tako sikuliona. Nilikuwa juu, migomba imeziba. Pua ilipita penye uwazi, nyekundu, basi. Mliniuliza rangi ya pua, nikawapa rangi ya pua."

"Dereva je?"

"Kichwa tu. Na hicho kichwa kilikuwa nje, ubavuni, kinachungulia, kama mtu aliyeoga halafu kasikia hodi. Uso sikuuona."

"Lukasi huendesha hivyo?"

"Lukasi? Lukasi hukaa wima kama padri mwenye homa ya mgongo. Mji mzima unamcheka."

"Kisha?"

"Kisha nikasikia kishindo, nikatua tenga, nikashuka. Njia ile ndefu, inazunguka bonde. Nilipofika kivukoni gari hakuna. Yeye amelazwa kwenye majani, ametandikiwa, kanga yake imemfunika mpaka shingoni. Keshakata roho. Nikamfumba macho, nikamfunika na uso."

Mosi alikuwa ameinama kuweka kabichi chini. Akabaki ameinama. "Rudia hapo. Uso ulimfunika nani?"

"Mimi. Nimesema mimi. Kanga ilikuwa imeishia shingoni."

"Bomani hukusema hilo."

"Bomani hawakuuliza kanga. Waliuliza pua."

Mosi aliandika neno moja kwenye daftari lake: *shingoni*. Maiti hufunikwa mpaka juu ya kichwa, kila mtu wa pale anajua, mtoto anajua. Anayefunikwa mpaka shingoni ni mgonjwa.

Jumapili asubuhi alitembea mpaka shamba la katani la yule Mjerumani ambaye watu walimwita Bwana Kiberiti, kwa sababu hakuhitaji kusuguliwa mara mbili. Huyu ndiye mwenye motokari ya kijivu. Mbwa wawili wa mnyororo walimpokea Mosi getini, bwana akafuata nyuma yao na fimbo yake.

"We, Ombasha! Nani kakuita?"

"Hakuna, bwana mkubwa. Ni habari ya kivuko."

"Mmemkamata mtu wenu. Mtundikeni, niacheni. Mimi nilikuwa Kilosa."

"Bwana alirudi Alhamisi?"

"Kwa treni ya saa kumi na moja. Muulize bwana stesheni. Nusu saa nimesimama pale kama gunia la karanga, nangoja gari langu."

"Gari lilikuwa wapi?"

Fimbo ilipigwa kwenye kiatu. "Kwa yule mhunzi! Jumanne tawi lilianguka, likaikunja kofia. Nilimwambia, Alhamisi nikishuka treni nilikute stesheni, zima, kavu. Lisipokuwepo, hamsa ishirini za kiboko, na kibanda chake nakichoma. Amelileta nusu saa baadaye, kofia imekunjamana vilevile kama uso wa nyanya yake, kaifunga kwa kamba!"

"Bwana alimwadhibu?"

"Nimesamehe ishirini. Tano nimempa palepale."

Gari la kijivu lilikuwa limeegeshwa bandani, hatua tatu kutoka aliposimama Mosi. Lilikuwa dogo kuliko la Mgiriki, tena fupi. Kofia yake sasa ilikuwa imenyooshwa, bado ina mabonde ya nyundo. Bwana Kiberiti alipogeuka kumfokea mbwa, Mosi alichutama, akaulaza uzi kwenye fremu. Kulabu ya kwanza, fundo la kwanza. Kulabu ya pili, fundo la pili. Ya tatu, la tatu. Akageuza macho: bomba la moshi lilipita kushoto, karibu na ukingo, na juu yake palikuwa na utando mwekundu, kama rangi iliyoiva ikaganda.

"Unapima nini hapo?"

"Vumbi, bwana mkubwa."

"Toka! Ukirudi hapa nakufungulia mbwa."

Akatoka. Mbwa walifunguliwa hivyohivyo, kabla hajarudi. Alifika barabarani suruali imepungua mguu mmoja.

Alasiri ya Jumapili karakana ya Mwinjuma ilikuwa wazi. Mwinjuma hakuwa mtu wa kupumzika. Alikuwa mhunzi mwana wa mhunzi, ukoo wao umefua majembe ya Uluguru tangu kabla ya bendera yoyote, na motokari alijifunza kwa kuzifungua tu usiku na mchana mpaka zikamzoea. Mosi aliingia na askari wawili waliobeba kitu kipana ndani ya magunia. Wakakiegemeza mlangoni. Nyuma yao alikuja Asia. Mosi hakumwita, hakumfukuza.

"Boma limeishiwa wezi?" Mwinjuma aliuliza bila kuacha kuvukuta. Alimwona Asia, mvukuto ukakosa pumzi moja, kisha ukaendelea. "Asia, mwanangu. Pole."

"Ahsante, baba."

"Ombasha, nilikwisha sema. Jumatano Lukasi alikuja, akachukua gari. Sasa unataka niimbe?"

"Sikuja kwa hilo," alisema Mosi. "Jembe langu limelegea mpini."

"Liko wapi?"

"Nyumbani. Nataka kwanza nione kazi zako." Akaanza kuzunguka, mikono nyuma, akiangalia majembe makuukuu yaliyotundikwa. Mengine yalikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa na kizibo chekundu. Akaligusa moja. "Hii nini?"

"Wewe Mluguru gani usiyejua?"

"Mama yangu alikuwa wa huko. Mimi nimekulia kambini."

"Ndiyo maana unanuka kambi." Mwinjuma alijifuta jasho. Mtu akiulizwa kazi ya mikono yake husahau kumchukia anayemwuliza. "Huo ni mwiko wa ukoo wetu. Ukikitoboa chuma kwa kazi isiyo yake, kazi ikiisha unaliziba lile tundu kabla hujatia chakula kinywani. Nta na ngeu. Babu yangu hakuziba mara moja, akazika watoto wawili mwaka huohuo."

"Na mafundi wa reli?"

"Wale? Wale huacha chuma kimetoboka kama pua ya nguruwe! Wana rula, hawana adabu."

"Kwa hiyo Morogoro nzima anayeziba hivi ni wewe."

"Ni mimi. Ndugu zangu wako Matombo."

Mosi aliashiria kwa kidevu. Askari wakavuta magunia. Kofia nyekundu ikabaki wazi mlangoni, ndani nje, na ile nta iliyokwaruzwa.

Mvukuto ulinyamaza.

"Hii kazi isiyo yake ilikuwa ipi, fundi?"

"Nta inauzwa sokoni."

"Inauzwa."

"Ngeu kila seremala anayo."

"Anayo." Mosi akautoa uzi, akaunyoosha juu ya matundu, fundo kwa fundo. "Nimeupeleka uzi huu asubuhi kwa Bwana Kiberiti. Kulabu za gari lake ni hizi hizi. Hapa kushoto pameungua. Gari la Mgiriki bomba lake liko kulia, la Bwana Kiberiti liko kushoto. Kofia hii Alhamisi ilikuwa juu ya gari la kijivu."

"Bwana Kiberiti mwenyewe ndiye—"

"Alikuwa ndani ya treni. Alishuka saa kumi na moja, akakungoja nusu saa. Tano alizokupa ziko mgongoni, ukitaka vua shati tuzihesabu."

Mwinjuma hakuvua. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye bega, ukarudi.

"Nikueleze mwenyewe?" Mosi aliendelea, sauti haikupanda. "Ulitishiwa hamsa ishirini na moto. Kofia ya kijivu haijanyooka, mvua inatishia, na mashine ikilowa haiendi. Hapa karakanani kuna kofia nzima, ya Mgiriki, na Mgiriki yuko Dar es Salaam. Ukaitoboa, ukaivika gari la kijivu. Ukalipeleka Mzinga ulijaribu majini, maana ukiuvuka Mzinga stesheni si kitu. Sivyo?"

"Sema peke yako. Unasema vizuri."

"Lakini kofia hii ni ya gari kubwa. Ilizidi mbele vidole vinne, na juu kiganja kizima. Ulikuwa unaendesha nyuma ya ukuta, fundi. Mama Regina alikuona kichwa kiko nje, unachungulia."

"Mama Regina aseme jina langu, basi."

"Hakuona uso. Lakini Bi Chausiku alikuwa mfupi, na pale kivukoni watu huinama kukunja nguo wasiloe."

Nje watu walikwisha kukusanyika, maana Morogoro ya wakati ule askari watatu wakisimama mahali pamoja soko huhamia. Mtu mmoja alipiga kelele: "Mwacheni fundi! Lukasi ndiye muuaji!" Mwingine akadakia: "Ombasha kahongwa na wamisheni!" Jiwe likagonga bati la paa.

"Wasikie," alisema Mwinjuma. "Hao wote wanakuona mwongo."

"Wananiona mwongo tangu nilipovaa kofia hii ya uaskari. Kesho hukumu ikitoka wataning'iniziwa Lukasi wamtazame, na wewe utakuwa miongoni mwao, mbele, wamekupisha kwa heshima. Utasimama? Mama yake atashuka kutoka Mgeta kuchukua maiti. Utamwambia pole, mama, kama ulivyomwambia huyu?"

Mwinjuma alikaa juu ya fuawe. Alikuwa mtu mnene, lakini alikaa kama nguo iliyodondoka kambani.

"Sikumwona," alisema. "Wallahi sikumwona. Nilisikia tu."

Asia hakulia. Alipiga hatua moja ndani. "Ukamlaza wewe?"

"Nilimlaza mimi. Kibla niliangalia kwa jua. Nikamfunika."

"Alikuwa hai?"

Mwinjuma alimgeukia Mosi, akanyoosha mikono yote miwili pamoja. "Nifunge. Mtoe yule kijana. Nimekiri, mashahidi hawa hapa. Nilirudi, nikaivua kofia hii, nikaifunga ile mbovu kwa kamba, jioni nikaisukuma ya Mgiriki uani kwake. Andika yote. Nifunge twende."

Mosi alikuwa na mnyororo kiunoni. Hakuushika.

"Umeulizwa swali," alisema.

"Nimekiri kuua! Mnataka nini zaidi?"

"Baba Mwinjuma," Asia alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza bei. "Kwa daktari wa Kizungu kutoka Mzinga ni karibu, na wewe ulikuwa na gari linanguruma. Mimi nimeuliza kila mtu. Alikuwa hai?"

"Gari halikuwa langu," alisema Mwinjuma. "Na kofia haikuwa ya gari. Ningefika nalo hospitali, kila mtu angeiona, nyekundu juu ya kijivu. Treni nayo inakuja. Nikasema niende, nibadilishe, nirudi na machela. Nilisema nitarudi."

"Sijauliza kofia."

Askari mmoja alikohoa. Nje zomeazomea zilikuwa zimekatika. Waliokuwa karibu na mlango walikuwa wamewanyamazisha wa nyuma kwa viwiko.

"Watoto wangu wote sita aliwapokea yeye," alisema Mwinjuma.

"Alikuwa hai?"

Fundi alishusha mikono yake aliyokuwa bado ameinyoosha mbele ya Ombasha, akaiweka magotini, akamtazama Asia usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Alikuwa hai," alisema. "Aliniuliza kama nimeumia."